Tanki ya plastiki haishiki kutu, lakini inachafuka



Leo siandiki juu ya dosie za kuomba kazi. Naandika juu ya tanki ya esansi, ile ya plastiki, ya gari ya zamani, na namna ya kuiosha bila kujichoma. Najua wengine watacheka. Lakini hesabuni wenyewe: kati yetu ni wangapi wako na gari iliyolala kwenye parseli tangu mzee afariki, au wamechangishana na kaka zao kununua gari chakavu ili wafanye taksi wakingojea kazi? Basi haya ni kwa ajili yao.

Gari yetu ni Volkswagen Golf 3, injini ya 1.8, ilikuja imeshatumika toka Ubelgiji. Papa alipofariki ikabaki chini ya mti wa avoka miaka mitatu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Halafu mdogo wangu wa kike akaingia yuniversite hapa Bukavu, minervali ikaanza kuitishwa kwa tranchi, na mama akasema: hii gari itembee au iuzwe, ila isikae pale kama kaburi la pili.

Tukaweka batri mpya, tukaongeza esansi juu ya ile ya zamani (hapo ndipo kosa la kwanza), ikademare. Furaha kubwa. Kushuka hadi Nyawera, hakuna shida. Kupanda kurudi nyumbani, inakohoa, inakosa nguvu, inazima. Ukingojea robo saa inademare tena kama haikufanya kitu. Mita mia tano mbele, inazima tena. Wale wanaojua milima ya Bukavu wanaelewa aibu ya kuzimikiwa katikati ya mpando, nyuma yako kuna lori.

Garaji ya kwanza wakasema pompi ya esansi imekufa. Dola 60, na mkono wa fundi dola 15. Gari ikatembea vizuri wiki tano, ikarudia yale yale. Garaji ikasema hiyo pompi ilikuwa mbaya, lete nyingine. Dola 60 tena, na mkono tena. Jumla dola 150, na hiyo ilikuwa tranchi ya kwanza ya mdogo wangu karibu yote. Mtu mmoja alikuwa amekuja kuitazama gari, akatoa 400, akasema hiyo ni bei ya vyuma. Mama alikuwa tayari kukubali.

Siwalaumu sana wale wa garaji. Pompi inayochoka nayo inaweza kuzima ikipata joto na kurudi ikipoa. Dalili zinafanana. Lakini kuna sababu nyingine inayofanya vilevile, na hiyo haiko kwenye pompi, iko mahali pompi inapokaa. Katika gari kama Golf 3, pompi iko ndani ya tanki yenyewe, na chini yake kuna kichujio kidogo kama soksi, mafundi wanakiita krepini. Pompi ikivuta, uchafu wote unaoelea unakimbilia kwenye soksi na kuiziba. Injini inakosa esansi, inazima. Pompi ikiacha kuvuta, uchafu unaachia polepole na kuanguka chini. Baada ya robo saa soksi iko wazi tena, gari inademare, na wewe unasema imepona. Ukiweka pompi mpya, inakuja na soksi mpya, kwa hiyo inakupa wiki kadhaa za amani, mpaka soksi nayo ijae. Ndiyo wiki zangu tano.

Aliyenifungua macho ni muzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwembe, hana kibao wala hangari. Nilipomweleza, hakugusa injini. Aliuliza: «Ile pompi ya kwanza mlitupa? Mulipasua ile soksi muone ndani?» Hatukupasua. Akasema: «Leta chupa.»

Alitaka chupa ya kioo, safi, inayoonyesha ndani. Tukatoa karibu nusu lita kutoka chini kabisa ya tanki, tukaiweka juu ya ukuta kivulini, tukaiacha itulie. Baada ya nusu saa chupa ilikuwa imetuandikia ripoti. Juu, esansi yenye rangi ya chai, wakati esansi nzuri inakuwa karibu haina rangi au ya manjano hafifu. Chini yake, matone ya maji yamejikusanya kama shanga, kwa sababu lita ya esansi ina uzito wa karibu gramu 740 tu na maji gramu 1000, kwa hiyo maji lazima yazame. Na chini kabisa, unga mwekundu na vipande vyeusi vidogo kama maganda.

Kila kimoja kina asili yake, na namna yake ya kutoka. Ndiyo maana inafaa uanze na chupa kabla ya sabuni.

Ile rangi ya chai ni esansi iliyozeeka. Esansi si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa aina nyingi za hidrokaboni. Zile nyepesi, zinazosaidia injini kudemare ikiwa baridi, ndizo zinazopaa kwanza. Zinazobaki zinashikana na oksijeni kidogo kidogo na kutengeneza gundi inayonuka kama vernisi. Gundi hiyo inapaka kuta za tanki, halafu ukimwaga esansi mpya juu yake, inalainika na kubanduka vipande vipande. Yale maganda meusi yalikuwa hayo. Sisi wenyewe tuliyabandua siku ile tulipojaza kwa furaha.

Maji yanaingia kwa bushoni ambayo mpira wake umekauka, au kwa umande wa ndani wakati tanki iko nusu tupu na usiku ni baridi, au yananunuliwa pamoja na esansi. Nadhani mnanielewa. Vijana tunaowaita kadhafi wanatusaidia wakati stesheni zimekauka, na wengi wao ni waaminifu, lakini bido iliyokaa kando ya barabara kwenye mvua haina mtu wa kuijibia. Tena tuwe waangalifu na majina: kwetu petroli ni ile ya taa, lakini dereva wa lori kutoka Dar es Salaam au Mombasa akisema petroli anamaanisha esansi. Nimeona watu wakibishana mpakani kwa sababu ya neno hilo tu.

Na ule unga mwekundu? Hapo nilishangaa. Ni kutu. Kutu katika tanki ya plastiki! Muzee akacheka: «Plastiki haizai kutu, lakini inapokea ya wengine.» Imetoka kwenye mapipa ya chuma ambamo esansi ililala kabla ya kufika kwetu.

Plastiki yenyewe ni polietileni nzito, ndugu wa zile bido za njano za lita 20 tunazochotea maji. Watengenezaji wa magari waliipenda kwa sababu ni nyepesi, haishiki kutu, na inaweza kupewa umbo lolote la kukaa chini ya kiti cha nyuma. Ile ya Golf 3 inaingia lita 55. Lakini hilo umbo la ajabu ndilo linaloleta taabu wakati wa kuosha, maana ndani kuna kona, kuta ndogo za kuzuia esansi isiyumbe, na chombo kama kikombe ambamo pompi inasimama. Uchafu unajificha humo.

Tena ni lazima usahau mambo unayoona yakifanywa kwa tanki za chuma. Kwa chuma watu wanatia changarawe au mnyororo na kutikisa, au wanatia asidi. Kwa plastiki changarawe inakwaruza na kuacha unga wa plastiki, na unga huo utaenda wapi? Kwenye soksi. Asidi nayo haina cha kufanya humo, kwa sababu plastiki haina kutu iliyoshikana nayo. Kutu iko imelala tu chini kama mchanga, inatoka kwa maji. Maji yanayochemka pia hapana: polietileni inayeyuka karibu na nyuzi 130, lakini inaanza kulegea mapema zaidi, na tanki iliyopinda haitarudi vizuri mahali pake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ya kazi tuliinua kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko kidogo chenye visi, na chini ya kifuniko ndipo kuna pete kubwa ya plastiki inayoshika pompi. Muzee alikuwa amefungua pete, ametoa pompi, tumekwisha kunyonya esansi yote. Tanki ikawa tupu. Ndani kulikuwa na giza, na mimi nilitaka kuona uchafu umebaki wapi. Nikaenda kuchukua baladezi, ile balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili unazofunga kwenye batri kwa mkono. Mawazoni mwangu hatari ilikuwa imeisha, kwa sababu esansi ilikuwa tayari kwenye bido, bido iko mbali. Waya mmoja ulikuwa tayari mkononi mwangu.

«Kijana, weka chini. Weka chini kwanza, tutaongea nyuma.»

Hakupaza sauti. Alinishika mkono tu, na nikaona kwamba ameogopa kweli. Kisha akasema: «Batri iko pale, tanki iko hapa, wewe uko katikati. Nani ataenda kumwambia mama yako?»

Niko na lisansi ya kemia. Haya mambo niliyasoma kwenye silabusi, nilijibu swali lake kwenye mtihani, nikapata 14 kwa 20. Mvuke wa esansi unawaka hewani ukiwa kati ya asilimia 1.4 na asilimia 7.6 ya ujazo. Chini ya hapo ni mchache mno, juu ya hapo hewa haitoshi. Na esansi inatoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu hakuna saa ambayo haitoi. Niliyajua yote. Ila sikuwahi kuyaweka pamoja na tanki iliyo mbele yangu.

Usiku ule nilifanya hesabu. Tanki ya lita 55. Ili mvuke ufike asilimia 2, inahitajika lita 1.1 ya mvuke. Hiyo ni karibu gramu 4 za esansi, yaani mililita 5 au 6. Kijiko cha chai! Kijiko kimoja kilichobaki kwenye kona kinatosha kuigeuza tanki yote kuwa bomu. Sisi tuliacha zaidi ya kijiko, maana hakuna tuyo inayonyonya mpaka tone la mwisho.

Na tazama jinsi akili inavyodanganya. Tanki yenye esansi nyingi, iliyofungwa, mara nyingi mvuke wake ni mwingi kupita ile asilimia 7.6, hewa haitoshi kuwasha. Ndiyo maana pompi ya umeme inaweza kufanya kazi ndani ya esansi miaka yote bila kulipua gari. Ukitoa esansi, hewa inaingia, mvuke unapungua, na unashuka taratibu ukipita katikati ya eneo la hatari. Kwa hiyo tanki «tupu» iliyofunguliwa ni ya kuogopa kuliko iliyojaa. Mafundi wanaoungua wakichomelea tanki wengi wao walisema neno lile lile: haina kitu ndani.

Sisi wa Kivu ya Kusini hatuhitaji kufundishwa mbali. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kwenye barabara ya Uvira, lori la esansi lilipinduka. Watu walikuja kuchota, wengine walikuwa tu nyumbani au wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Mvuke ukashika moto. Walikufa zaidi ya watu 230. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hauendi juu kama moshi, unatambaa chini, unaingia mashimoni na majumbani, unatafuta moto mahali ulipo. Ndiyo sababu pia muzee hakubali kufanya kazi hii ndani ya fosi ya garaji. Fosi inajaa mvuke kama beseni linavyojaa maji.

Basi aliangaliaje ndani ya tanki? Alichukua kipande cha kioo cha retrovizeri kilichovunjika, akakishika juani, akarusha mwanga ndani ya tundu. Tuliona kila kona. Kioo cha bure, hakina waya wala cheche.

Sasa nieleze kazi yenyewe ilivyokwenda, kwa utaratibu ambao ningeufuata tena.

Asubuhi, nje, kivulini, upepo ukipita. Simu ziko nyumbani, hakuna jiko la makala jirani (tulimwomba mama mmoja wa jirani asogeze mbabula yake, akakubali baada ya maneno mengi). Ndoo mbili za mchanga mkavu na kizimamoto cha unga ambacho tuliazima. Maji hayazimi esansi, yanaibeba tu ikiendelea kuwaka. Nguo za pamba. Muzee alinivua sweta ya nailoni, maana nailoni ikisuguana inazaa cheche, zile unazosikia ukivua nguo usiku. Halafu fungua waya hasi wa batri kabla ya kufungua kitu chochote cha esansi, ili cheche ya kufungua batri isikutane na mvuke.

Kunyonya esansi: msitumie mdomo. Naomba hili mlisikie vizuri kwa sababu tunaliona kila siku barabarani. Funda dogo likipotea njia na kuingia kwenye mapafu linayachoma, na mtu anaweza kufa nalo. Tena katika esansi kuna benzini, ambayo inaleta kansa ya damu kwa wanaoivuta miaka mingi. Mtu akimeza, asilazimishwe kutapika, kwa sababu katika kutapika ndipo inapoingia mapafuni. Maziwa si dawa yake. Apelekwe hospitali. Pompi ndogo ya mkono, ile yenye mpira wa kubonyeza katikati ya tuyo, haifiki bei ya kulala hospitali siku moja. Bido ya kupokelea ikae chini kwenye udongo, si ndani ya gari juu ya tapi. Esansi ikitiririka kwenye plastiki inakusanya umeme wa kusuguana, na plastiki haina njia ya kuupeleka ardhini kama chuma.

Pete ya pompi ikikaza, usiipige na nyundo na patasi ya chuma. Tumia kipande cha mti mgumu. Kabla ya kufungua, safisha juu kwa brashi na shifoni. Miaka ishirini ya vumbi iko hapo, inangoja kuanguka ndani. Na weka alama pompi ilikuwa imeelekea wapi, la sivyo geji itakudanganya. Ule mpira mviringo unaofunga tundu unavimba kwa esansi, na ukishatolewa unakataa kurudi. Nunua mpya. Ukikosa, uache ukauke siku moja mpaka urudi saizi yake, ila ukiwa umepasuka hata kidogo, utupe.

Uchafu wetu ulikuwa mwingi mno kwa mkono kupitia tundu, kwa hiyo tulishusha tanki nzima. Hapo sitaeleza kila visi, kila gari na zake. Jambo moja tu: tuyo ndogo za hewa zina maana. Zikirudi zimekunjika au zimeziba, tanki haipumui, na gari itazima tena, nawe utalaumu pompi ya tatu.

Kwanza muzee alijaza tanki maji mpaka juu kabisa. Hii sikuitegemea. Bido tatu karibu nzima, na nyie mnajua maji yanavyopatikana kwetu wakati wa kiangazi. Lakini sababu yake ni nzuri: maji yakijaa, mvuke hauna mahali pa kukaa, unafukuzwa wote. Tulimwaga kwenye pipa lililokatwa, tukaacha esansi iliyobaki ielee, tukaitoa kwa juu. Baadaye ndipo sabuni ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu, lita kumi hivi, tukafunga matundu, tukawa tunaigeuza na kuitikisa watu wawili kama wanaopepeta mchele. Maji ya kwanza yalitoka mekundu. Ya pili kama chai. Ya nne ndiyo yakaanza kufanana na maji.

Lakini vernisi haikusikia sabuni. Kuta zilibaki na utelezi wa kahawia. Kwa hiyo tuliacha tanki ikauke, tukatia lita mbili za petroli, nasema petroli yetu, ile ya taa. Inayeyusha gundi polepole, na haina haraka ya kuwaka kama esansi: inahitaji kufika nyuzi 38 hivi au zaidi ndipo itoe mvuke wa kushika moto. Bado si maji, usiichezee, ila kati ya hizo mbili nachagua hiyo. Tuliilaza tanki upande mmoja usiku kucha, asubuhi upande wa pili, halafu tukasugua kwa kijiti chenye pamba iliyofungwa vizuri. Ifungwe kweli, maana pamba ikibaki ndani imekuwa uchafu mpya. Kisha sabuni tena, maji safi tena.

Kukausha ndiko vijana wanakofanya haraka. Nje tanki ilikuwa kavu saa moja, ndani ilichukua siku mbili, imepinduliwa tundu chini, imefunikwa tile safi ili nyigu wasiingie. Nyuma ya zile kuta ndogo matone yanakaa. Mwisho muzee alitia lita moja ya esansi safi, akaizungusha kila upande, akaimimina kwenye ile chupa. Tulikaa tukiitazama kama wanaongojea matokeo ya mitihani ya serikali. Shanga mbili za maji chini. Akarudia. Safari ya pili, hakuna kitu.

Pompi na kile kijiti cha geji havikuoshwa kwa maji. Tulisafisha kwa esansi kidogo na brashi laini, tukabadili soksi. Filtri kubwa iliyo chini ya gari, karibu na gurudumu la nyuma, tukaweka mpya, mshale wake ukielekea injini. Tukatia lita kumi na tano za esansi kabla ya kudemare, kwa sababu pompi inapozwa na esansi inayopita ndani yake. Ukiizungusha kavu unaiua mwenyewe.

Kuna aliyeniuliza kama angeweza kuziba mpasuko wa tanki yake wakati huo huo. Jibu langu ni hapana. Gundi za kawaida hazishiki polietileni, zinakaa juu yake kama ugamba na kubanduka. Na wale wanaoyeyusha kwa kisu cha moto wanarudi kwenye hesabu yangu ya kijiko cha chai. Tanki iliyopasuka inabadilishwa kwa nyingine.

Esansi mbaya, karibu lita 12, haikumwagwa kwenye mtaro. Mitaro yetu yote inajua njia moja tu, ya kwenda ziwani, na ziwani tunavua sambaza tunazokula. Tuliiacha itulie, muzee akachukua ile ya juu kwa kuoshea vyuma. Yale maji ya kuoshea, baada ya kuondoa mafuta yanayoelea, tulimwaga kwenye shimo la changarawe mbali na nyumba na kisima. Si jambo la kujisifu. Hakuna mahali hapa mjini ninapojua ungeweza kuyapeleka.

Gharama yote: soksi, mpira, filtri, sabuni, petroli, na mkono wa muzee, dola 38. Aliponiambia bei yake nilifikiri amekosea, nikaongeza, akakataa kwanza, akapokea nyuma.

Siku ya kujaribu nilimchukua mdogo wangu. Tulishuka Nyawera, tukarudi tukipanda, mara tatu, bila kusema neno. Baada ya wiki mbili nilifungua filtri na kuigonga juu ya kitambaa cheupe: vumbi kidogo tu. Sasa gari inafanya kazi asubuhi na jioni, inabeba wanafunzi watano kwa abonema ya mwezi, na tranchi ya pili ililipwa kabla ya tarehe.

Ile chupa inakaa ndani ya gari. Nikilazimika kununua kwa kadhafi, najaza chupa kwanza, naiweka juu ya ukuta, nangoja. Wengine wanakasirika, mmoja sasa ameanza kuwa na chupa yake mwenyewe ya kuonyesha wateja. Mama alipoiona mara ya kwanza aliuliza ni juisi gani ile. Kesho yake nikakuta ameifunga plasta ya hospitali, ameandika kwa bik nyekundu: SUMU, SI YA KUNYWA.